Habbat Sauda, Panya na Dhamana: Somo Juu ya Kupima Dawa za Mimea Zinazopunguza Uvimbe



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika darsa zetu za baada ya Maghrib kuna maswali yanayorudi kila muhula, na mara nyingi huletwa na ndugu zetu wanaosoma famasia na sayansi ya viumbe. Wanatakiwa waingie maabara wapime kama mmea fulani unapunguza uvimbe. Mmoja anauliza: ikiwa Mtume (s.a.w.) amekwisha kutuambia kwamba habbat sauda ina shifaa, mimi ni nani hata niiweke kwenye mizani? Je, huko si kutia shaka? Mwingine anauliza kuhusu panya wanaochomwa sindano. Wa tatu anauliza kuhusu spiriti inayotumika kuloweka majani. Kisha macho yote hutugeukia sisi tunaosoma masomo ya dini, ilhali wengi wetu hatujui hata jaribio lenyewe linafanywaje.

Wanausuli wana kanuni mashuhuri: kuhukumu jambo ni tawi la kulielewa. Kwa hiyo somo hili litaanza maabara, na fiqhi itafuata.

Uvimbe ni nini

Mtu akiteguka kifundo cha mguu akishuka kwenye bodaboda, pale pahali hufanya mambo manne: hupata wekundu, hupata joto, huvimba na huuma. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Celsus aliziandika dalili hizi nne karibu miaka 2000 iliyopita na hadi leo wanafunzi wa udaktari huzikariri. Huu ni mwili kujitetea. Mishipa midogo ya damu hupanuka, maji hutoka nje ya mishipa, na askari wa damu hukimbilia mahali palipoumia. Bila hayo kidonda kisingepona. Taabu huanza pale utetezi huu unapokataa kukoma, kama katika magoti ya wazee wetu wanaoswali wamekaa juu ya kiti, au katika ugonjwa wa baridi yabisi ambapo mwili hushambulia viungo vyake wenyewe.

Miongoni mwa kemikali ambazo mwili hutengeneza ili kuwasha moto huu ni prostaglandini. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Aspirini yenyewe ina nasaba ya mti. Mwaka 1763 padri mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliandika kwamba amewapa wagonjwa wa homa unga wa gome la mti uitwao willow na wakapata nafuu. Ilichukua zaidi ya miaka 130 toka gome lile hadi aspirini ya kiwanda cha Bayer mwaka 1897. Nawataja hawa ili ndugu yangu anayedharau dawa baladi ajue kwamba kidonge anachokiamini nacho kilianzia porini.

Jaribio lenyewe

Mwanafunzi huanza na mmea. Tuseme ni ganda la garad, ule mti wa miiba ambao watengenezaji ngozi wa Sudan wameutumia tangu zamani. Hulikausha kivulini, hulisaga, huliloweka ndani ya maji au ethanoli, huchuja, kisha hukausha ule mchujo mpaka ubaki unga au kitu kama ulimbo. Huo ndio mchujo unaopimwa.

Kipimo chepesi kabisa hakihitaji mnyama. Protini, mara nyingi ya ute wa yai, hupashwa moto pamoja na mchujo ili kuona kama mchujo utaizuia isigande. Ni rahisi, na ndiyo maana hupendwa na vyuo visivyo na fedha. Lakini mwanafunzi awe macho. Garad imejaa tanini, na kazi ya tanini ni kushikamana na protini. Ndiyo maana hugeuza ngozi mbichi ikawa ngozi ya viatu. Mchujo wenye tanini ukiingia kwenye jaribio la protini, matokeo yanaweza kuwa habari za tanini tu, na yasimwambie mtu lolote juu ya goti la binadamu.

Kipimo kingine hutumia chembe hai zilizokuzwa kwenye sahani. Huchokozwa kwa sumu ya bakteria, kisha hupimwa ni kiasi gani cha kemikali za uvimbe zimetoa zikiwa na mchujo na zikiwa bila mchujo.

Kisha kuna kile kinachowasumbua nyoyo ndugu zetu, yaani unyayo wa panya. Jaribio hili lilielezwa na Winter na wenzake wawili mwaka 1962 na bado ndilo linalotumika zaidi. Panya wa maabara hugawanywa katika makundi, kwa kawaida watano au sita kila kundi. Kundi moja hupewa maji tu. Kundi la pili hupewa dawa inayojulikana, mara nyingi indomethasini. Makundi yaliyobaki hupewa mchujo kwa dozi tofauti, tuseme miligramu 100, 200 na 400 kwa kila kilo ya uzito. Baadaye kila panya huchomwa sindano ya karajini, asilimia 1, chini ya unyayo. Unyayo huvimba, na uvimbe hufikia kilele baada ya saa tatu hivi au zaidi. Kila saa hupimwa kwa kuuchovya kwenye chombo cha kimiminika na kuona kimepanda kiasi gani. Ikiwa unyayo wa panya wa maji umeongezeka mililita 0.8 na wa panya wa mchujo umeongezeka 0.4, husemwa kwamba mchujo umezuia uvimbe kwa asilimia 50.

Karajini hutoka kwenye mwani mwekundu. Akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 huuza mwani wao kwa sababu hiyo hiyo ya karajini, ingawa inayotumika katika jaribio hili kwa kawaida ni ya aina nyingine ya mwani. Viwandani huiweka kwenye maziwa na dawa ya meno ili viwe vizito. Ikiliwa haina taabu hii. Ikichomwa chini ya ngozi huvimbisha.

Sasa tufanye hesabu ambayo makala nyingi za kitaalamu hazijisumbui kuifanya. Tuseme dozi iliyofanya kazi ni miligramu 400 kwa kilo. Panya ana mwili mdogo unaochoma dawa upesi, kwa hiyo wataalamu hugawa dozi yake kwa takriban 6.2 wakitafuta dozi ya mtu. Tunapata kama miligramu 65 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 3.9 za mchujo mkavu. Ikiwa gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 tu za mchujo, basi mtu huyo atumie gramu 39 za majani makavu, kila siku. Anayeuza kijiko kimoja cha chai cha unga sokoni Konyo Konyo na kusema "imethibitishwa na sayansi" ameuza kitu kingine kabisa.

Je, kupima ni kutia shaka?

Tulianza na swali hili, na jibu lake limo ndani ya hadithi zenyewe. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Katika Sahihi ya Muslim, kwa Jabir (r.a.), kuna nyongeza ya maana: dawa ikiusibu ugonjwa, mtu hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Tazama lile neno la kusibu. Kuna kulenga ndani yake, na aliyelenga huweza kukosa. Na katika mapokezi ya Ibn Mas'ud (r.a.) imekuja kwamba dawa hiyo huijua mwenye kuijua na asiijue asiyeijua. Ikiwa kuna anayejua na asiyejua, basi kuna njia ya kujua, na njia hiyo ni kutafuta.

Ama hadithi ya habbat sauda, kwamba ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Hurayra (r.a.). Hatuna shaka nayo. Lakini maulamaa hawakuisoma kama wauzaji wa chupa wanavyoisoma. Al-Khattabi amesema ni tamko la jumla linalokusudia mahususi, kwa kuwa hakuna mmea mmoja wenye tabia zote za kukabili maradhi yote. Ibn Hajar katika Fat-h al-Bari ananukuu maneno hayo na ya wengineo, na anaeleza kwamba huenda ikatumika peke yake, ikatumika na vingine, ikanywewa, au ikadondoshwa puani, kwa kadiri ya ugonjwa. Sasa ni ugonjwa gani, kwa njia gani, kwa kiasi gani? Hadithi imetufungulia mlango. Kipimo ametuachia tukitafute.

Na waliokitafuta kwa bidii zamani walikuwa watu wetu. Al-Razi, aliyefariki mwaka 925, ameandika kwamba aliwatoa damu kundi moja la wagonjwa wa homa ya ubongo na akaliacha kundi jingine kwa makusudi, ili ajue. Hilo ndilo kundi la kulinganishia ambalo mwanafunzi leo anafundishwa kama kitu kipya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu cha pili cha Qanun ameweka masharti saba ya kujaribu dawa. Ameshurutisha dawa iwe katika hali yake ya asili, isiwe na sifa ya kuazima kama maji yaliyopashwa moto. Ijaribiwe katika ugonjwa mmoja, usio na mchanganyiko. Uangaliwe wakati inapofanya kazi, na ionekane ikifanya hivyo daima au mara nyingi, kwa sababu lililotokea mara moja huenda limetokea kwa bahati. Sharti la mwisho ndilo ninalotaka kila mwanafunzi wa famasia aliandike ukutani: jaribio lifanywe kwenye mwili wa binadamu, kwani dawa inaweza kuwa na athari moja kwa mtu na nyingine kwa simba au farasi. Miaka karibu 1000 kabla ya unyayo wa panya, Ibn Sina amekwisha kutuonya tusiishie kwa panya.

Mbegu ile imefikia wapi

Tuichukue habbat sauda yenyewe kupitia ngazi hizi. Kiini chake kinachotajwa zaidi ni thaimokwinoni. Mwaka 1995 watafiti wa London wakiongozwa na Houghton walionyesha kwamba mafuta ya mbegu hii na kiini hicho huzuia, katika chembe nyeupe za damu, utengenezaji wa kemikali za uvimbe za ukoo wa prostaglandini. Hiyo ni ngazi ya sahani. Kwa binadamu, mwaka 2012 yalichapishwa majaribio ya Misri kwa wanawake 40 wenye baridi yabisi. Walipewa vidonge bandia mwezi mmoja, kisha mwezi wa pili wakapewa vidonge vya mafuta ya habbat sauda, miligramu 500 mara mbili kwa siku. Katika mwezi wa mafuta maumivu na uvimbe wa viungo vilipungua.

Ni habari njema. Hata hivyo wote walianza na bandia wakamalizia na mafuta, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kama ni mafuta au ni kupita kwa siku tu. Wanawake 40 ni wachache, na mwezi ni mfupi kwa ugonjwa wa maisha. Tena ugonjwa ulipungua makali, haukuondoka. Anayesema "kuna dalili kwamba inasaidia" amesema kweli. Anayesema "acha dawa za hospitali, hii inatosha" amesema ambalo si hadithi wala maabara iliyomwambia.

Kwetu hapa kuna mafuta ya lulu, ambayo mama zetu huyapaka watoto na huwasugua nayo wazee viungoni. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walichapisha kwamba baadhi ya viambato katika mafuta ya mti huu hupunguza uvimbe wa sikio la panya uliosababishwa na kemikali. Lulu ya Sudan Kusini ni ya tawi la nilotica, laini kuliko ya Afrika Magharibi. Yeyote kati yenu anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, aitazame hii kabla hajakimbilia mmea wa mbali. Kupaka ngozini pia kuna hatari ndogo kuliko kunywa.

Unga unaoponya upesi mno

Kuna jambo lazima nilitaje, ijapokuwa si la maabara. Mama mmoja wa jamaa zetu huku Munuki, mwenye magoti yaliyovimba kwa miaka, aliletewa unga wa "dawa ya sunna". Siku ya pili alitembea bila fimbo. Watu walisema takbira. Baada ya miezi uso ulimvimba ukawa mviringo kama mwezi na sukari ikapanda. Daktari alipomwona tu aliuliza: unakunywa nini?

Katika nchi nyingi imepatikana dawa ya miti iliyochanganywa kwa siri na dawa za hospitali, hasa deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni steroidi, na wakati mwingine diklofenaki. Mmea hufanya kazi polepole. Kitu kinachomaliza maumivu ya miaka kwa usiku mmoja kinastahili kuulizwa. Na mtu aliyekwisha kuzoea steroidi asiache ghafla, maana mwili wake umesahau kutengeneza ya kwake. Apelekwe kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo.

Hapa ndipo fiqhi ina neno zito. Katika Sunan za Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah imepokewa kwamba anayejifanya tabibu na hakujulikana kwa utabibu kabla ya hapo, basi yeye ni mwenye kudhamini. Ibn al-Qayyim ameifafanua katika Zad al-Ma'ad: tabibu hodari aliyeipa kazi haki yake kisha madhara yakatokea, hana dhamana, mjinga aliyemtibu mtu kwa kumhadaa, analipa. Muuzaji huyo hawezi kujikinga kwa kusema "mimi nauza sunna tu". Kuchanganya kwa siri ni ghushi, na kuligeuza jina la Mtume (s.a.w.) kuwa nembo ya ghushi ni balaa juu ya balaa.

Panya na spiriti

Ndugu aliyeuliza kuhusu panya huambiwa na wengine kwamba panya ni katika wale viumbe watano waliohalalishwa kuuawa hata ndani ya Haram, kwa hiyo hakuna neno. Jibu hilo halitoshi. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) katika Sahihi ya Muslim inatuamuru kufanya wema hata tunapoua na tunapochinja, na Mtume (s.a.w.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kwa hiyo ninavyoona, na wenye elimu zaidi wanirekebishe, jaribio linajuzu pale penye manufaa ya kweli kwa watu, idadi ya wanyama isizidi inayohitajika, na maumivu yapunguzwe kila inapowezekana. Hayo yanaafikiana na kanuni za Russell na Burch za mwaka 1959 ambazo maabara nyingi huzifuata. Kinachonitia shaka ni panya kuvimbishwa ili mwanafunzi apate alama tu, kwa mmea uliokwisha kupimwa mara ishirini, na matokeo yakalale kabatini.

Kuhusu ethanoli, hadithi ya Tariq bin Suwayd (r.a.) imeweka wazi kwamba khamri si dawa bali ni ugonjwa. Ila mwanafunzi hapa hanywi. Analoweka majani, kisha anaipeperusha spiriti yote mpaka ibaki unga. Waliosema kila kilevi cha maji ni najisi watamtaka ajihadhari na nguo na mikono yake. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu mgonjwa kutumia dawa yenye kiasi cha alkoholi ikiwa hakuna mbadala usio nayo na ameandikiwa na tabibu mwaminifu na stadi. Lakini mimi nauliza swali la kisayansi kabla ya la kifiqhi: bibi yako anachemsha majani kwa maji. Kwa nini upime kitu ambacho hakuna anayekinywa? Maji huyeyusha viambato vingine na ethanoli huyeyusha vingine. Ukianza na maji umepima dawa ya watu kama wanavyoitumia, na shaka ya kifiqhi umeiepuka. Ukilazimika kuongeza ethanoli, iwe kwa sababu unayoweza kuieleza.

Kibandiko cha chupa

Baadhi ya wanajumuiya wamependekeza tuuze mafuta ya habbat sauda baada ya swala ya Ijumaa ili tupate fedha za futari ya Ramadhani. Uuzaji wenyewe hauna tatizo. Mjadala wote uko kwenye maneno ya kibandiko. Waganda walikutana na suala hili mwaka 2021: dawa ya mitishamba ya Covidex iliyotoka Chuo Kikuu cha Mbarara ilipopata umaarufu, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliiruhusu kama ya kusaidia matibabu, ikakataa iitwe tiba ya korona. Tofauti ya maneno mawili tu, lakini ndiyo iliyombakiza mgonjwa hospitalini.

Napendekeza kibandiko chetu kiseme hivi, na tukijadili katika darsa la Alhamisi: "Mafuta ya habbat sauda. Hayakuchanganywa na kitu. Yanaweza kusaidia kupunguza maumivu ya viungo. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mjamzito, mwenye sukari na anayetumia dawa ya presha au ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza." Na chini yake tarehe ya kukamuliwa na simu ya mwanajumuiya atakayepokea malalamiko. Lile neno "hayakuchanganywa" tusiliandike mpaka tuwe tumeona kwa macho yetu yakikamuliwa.

Wallahu a'lam.